Simile, Kaka

Rikwama ya marehemu baba ilikuwa na magurudumu mawili, na la kushoto lilikuwa likilia. Halikulia kila wakati. Lililia rikwama ikiwa tupu. Ukipakia magunia mawili ya mchele lilinyamaza kama mtoto aliyepewa titi. Kwa muda wa mwaka mzima sikulisikia likilia hata mara moja, hata siku ambazo sikuwa nimepata mzigo wa mtu yeyote, kwa sababu juu ya rikwama yangu alikuwa amekaa mdogo wangu wa mwisho, na uzito wake mdogo ulitosha kulinyamazisha.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye sita. Kati yetu alikuwapo mdogo wangu mwingine, naye wa kike, mwenye miaka kumi na mmoja na ulimi wa mtu mzima. Baba alikuwa hamali wa Kariakoo. Alipokufa nilikuwa darasa la nne. Nikaweka kibao changu cha kuandikia juu ya kabati na kushika mipini ya rikwama, nikidhani ni kwa muda. Mama alimfuata baba miaka mitatu baadaye. Tukabaki watatu katika chumba kimoja cha nyumba ya vyumba sita, chumba cha pili kulia ukiingia ukumbini, na bibi mwenye nyumba akiishi chumba kinachotutazama.

Asubuhi wa kati alikwenda shule. Wa mwisho nilimweka juu ya rikwama, nikamtandikia gunia tupu, tukaenda sokoni. Kazi yake ilikuwa kusema simile. Sisi mahamali tulikuwa na neno hilo moja la kuombea njia. Mtu mwenye mzigo hana mkono wa kumsogeza mwenziwe, wala hana pumzi ya kueleza, kwa hiyo husema simile, na mwenye masikio hupisha. Mahamali wengi walilinguruma. Mdogo wangu aliliimba. Alilivuta mwisho, simileee, na watu waligeuka wakitarajia kumwona mtu mzima, wakakiona kitoto kimefungwa kipande cha kanga kichwani, kimekaa juu ya magunia ya kunde kama mke wa liwali.

"Umebeba nini leo, kijana?" waliniuliza wachuuzi pale chini ya paa kubwa la zamani la soko.

"Mzigo."

"Wa nani?"

"Wangu."

Wakacheka, na jina likamganda. Soko zima likamwita Mzigo, naye akaitika bila kinyongo. Wauza ndizi walimtupia ndizi moja, wauza machungwa walimmenyea chungwa. Nilipokuwa nikipanda ule mwinuko wa mchanga kuelekea Mchafukoge, jasho likinichoma machoni hata sioni mbele, niliifuata sauti yake tu. Mpaka leo sijapata kusikia sauti iliyonifungulia njia namna ile.

Lakini niseme ilikuwaje akawa juu ya rikwama.

Mama alipokuwa kitandani, siku chache kabla ya kutuacha, alinishika mkono akasema, "Mdogo wako usimwangushe." Alikuwa na pumzi kidogo, na maneno mengine yaliyofuata sikuyashika. Bibi mwenye nyumba alikuwa amekaa upande wa miguuni akimkanda mama nyayo, naye alisikia. Mimi neno lile nililichukua jinsi lilivyo, nikalifungia moyoni.

Haikupita hata arobaini, yule mdogo akashikwa na homa. Alilala wiki nyingi. Alipoinuka miguu yake ilikuwa kama mipini ya mwiko, na alipojaribu kusimama alitetemeka akaanguka, paji la uso likagonga kizingiti. Nilimwokota damu ikimtoka, na nilipomwokota nilimsikia mama. Tangu siku ile sikumweka chini. Nilimbeba kwenda uani, nilimbeba kwenda bombani, nilimlisha mapajani. Nilipompeleka kwa dresa wa zahanati, yule bwana alimgonga magoti, akamkunja, akamkunjua, akaniambia, "Miguu haina ugonjwa. Imesahau kazi. Mwache atembee." Nikamwambia naam, nikamshukuru, nikambeba kurudi nyumbani.

Ndivyo ulivyopita mwaka. Watoto wa mtaa walicheza rede na kombolela kila alasiri mbele ya nyumba yetu, na yeye aliwatazama akiwa barazani, kidevu juu ya magoti. Mwanzoni walimwita. Baadaye wakaacha kumwita. Nilisema moyoni, heri akae, hapo hataanguka.

Katika mwezi wa Shaaban alikuja mjomba wetu kutoka Kisarawe, ndugu wa mama, mtu mrefu mwenye maneno machache. Alileta muhogo na fenesi zima. Alitukuta tunarudi kutoka sokoni, mimi katikati ya mipini na Mzigo juu.

"Shikamoo, Mjomba," tulimwamkia wote wawili.

"Marahaba." Alimtazama mdogo wangu muda mrefu. "Huyu anaumwa nini?"

"Haumwi, Mjomba. Miguu tu haina nguvu."

"Itapata wapi nguvu huko juu?"

Tulipokwisha kula alinitoa barazani. Akasema, "Mpwa wangu, mimi sikulaumu. Umeshika kazi ya baba yako na nyumba umeishika. Lakini mtoto huyu anakaribia miaka saba. Shuleni atakwenda kwa rikwama? Kwa mumewe atakwenda kwa rikwama?"

Wa kati alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza, kama kawaida yake. Akadakia, "Kwa mumewe atakwenda nayo, Mjomba, na Kaka ataingia nayo mpaka chumbani."

"Wewe nyamaza," nikamwambia.

Mjomba hakucheka. Alisema, "Nitakuja Idi. Nikimkuta anakwenda kwa miguu yake mpaka Mnazi Mmoja kutazama sikukuu kama watoto wenziwe, abaki nanyi, aanze shule. Nikimkuta juu ya gari hilo, nitaondoka naye. Kule bibi zake wapo, na shamba halina rikwama."

Hakuwa mtu mbaya. Hata wakati ule nilijua kwamba hakuwa mtu mbaya. Ila usiku ule nilipotandika mkeka niliwatazama wale wawili wamelala, mmoja kichwa huku na mmoja kichwa kule, nikajaribu kuona chumba kile kikiwa na mmoja tu. Nilishindwa.

Mwezi wa Ramadhani ukaandama.

Mtaa wetu siku zile ulikuwa na desturi ya kupelekeana futari. Ikikaribia magharibi, kila nyumba ilipakua sahani moja, ikaifunika kawa, ikampa mtoto aipeleke kwa jirani. Na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Waliokuletea mihogo ya nazi utawarudishia na kipande cha boga. Waliokuletea kunde utawarudishia na vitumbua viwili. Kwa hiyo alasiri mtaa mzima ulijaa watoto waliobeba sahani, wengine wanakwenda, wengine wanarudi, na harufu ya nazi na pilipili manga imetanda juu ya mchanga hata mfungaji anaona kizunguzungu.

Siku ya kwanza nilirudi kutoka sokoni nikamkuta Bibi mwenye nyumba uani, anapakua magimbi. Alifunika sahani, akampa mdogo wangu, niliyekuwa nimemketisha juu ya mkeka.

"Simama. Peleka nyumba ya pili."

"Bibi, nitaipeleka mimi," nikasema.

"Wewe una ndevu. Futari hupelekwa na watoto. Simama, mjukuu wangu. Shika kwa mikono miwili."

Nyumba ya pili haikuwa mbali. Mimi ningefika kwa hatua kumi na tano. Alishika ukuta wa ukumbi kwa bega, kwa kuwa mikono ilikuwa na sahani, akatoka. Mimi nyuma yake, mikono nimeinyoosha, nimeinama kama mtu anayefukuza kuku. Alifika. Mwenye nyumba ile akaipokea sahani, akasema, "Ngoja nikupe yako." Akaingia ndani, akakaa huko kwa makusudi, akarudi na kipande cha muhogo. Mdogo wangu alirudi amekunja uso, na jasho juu ya mdomo, lakini niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mama alipokufa. Alikuwa na haraka. Alikuwa na kitu cha kufikisha.

Siku ya tatu alianguka. Sahani ya kauri iliyonakshiwa maua mekundu, sahani ya Bibi mwenyewe, ilivunjika vipande vitatu, na kunde zikamwagika mchangani. Nikaruka. Nilimnyakua kabla hajalia, nikamkumbatia, nikasema kwa sauti watu wakanisikia, "Basi. Imekwisha. Hatapeleka tena."

Bibi alitoka na kata mkononi. Alitazama kunde, akatazama vipande vya sahani, kisha akanitazama mimi.

"Mweke chini."

"Bibi, ulikuwapo. Ulimsikia mama. Alisema nisimwangushe."

"Nilimsikia."

"Sasa?"

"Alisema usimwangushe. Hakusema asianguke." Aliinama akaanza kuokota vipande. "Kuanguka ni kwake, mjukuu wangu. Mtoto gani hakuanguka? Mama yako wewe mwenyewe alikuokota mbele ya mlango huu huu mara ngapi, na magoti yako hayo unayaona. Kumwangusha ndiko kwako. Mwaka mzima huo umemshika juu, Idi inakuja, mjomba wake anamchukua. Utakuwa umemfanya nini kama si kumwangusha?"

Nilisimama pale naye kifuani. Sikumweka chini. Aliteremka mwenyewe. Alijisugua goti, akamsaidia Bibi kuokota.

Kesho yake Bibi alinipa kazi. Nilipofika kutoka sokoni alinisukumia mbuzi ya kukunia na nazi mbili zilizopasuliwa. "Kaa barazani, ukune. Ukiwa na nazi mkononi hutakuwa na mkono wa kudaka watu." Mwanamume mzima, hamali, nikakaa barazani juu ya mbuzi nikikuna nazi mbele ya mtaa. Mzee aliyekuwa rafiki wa baba, ambaye mizigo mizito tulikuwa tukiivuta pamoja naye, alipita akasimama.

"Kijana, umeolewa lini?"

"Jana, Mzee."

"Mume anakupiga?"

"Ananipa nazi nyingi."

Alicheka akashika mbavu. Kisha alipomwona Mzigo anatoka na sahani, sahani ya bati safari hii, alielewa. Siku iliyofuata mchana, sokoni, nilipotaka kumpandisha mdogo wangu juu ya rikwama mzee yule alikwisha kuipakia magunia mpaka juu. "Hapana nafasi," akasema. "Mzigo atembee pembeni." Na siku iliyofuata hapakuwa na nafasi tena, na siku zote za mwezi ule ikawa hapana nafasi; alipanda ikiwa tupu tu, kwenda na kurudi.

Sikujua walipozungumza. Labda kisimani, labda bombani, labda kwenye upenu wa Bibi wakichambua mchele. Ninachojua ni kwamba wanawake wa mtaa waliafikiana. Sahani ikaanza kusogea mbele. Wiki ya kwanza ilikuwa nyumba ya pili. Wiki ya pili nyumba ya tano, na kutoka pale akatumwa ng'ambo, "mwambie anipe kawa langu." Mwisho wa mtaa alikaa mama mmoja wa Kilimanjaro, Mkristo, ambaye mumewe alifanya kazi reli. Yeye hakuwa akifunga, lakini naye akaingia katika mambo yale. Alipika ndizi za kwao, akamwambia mdogo wangu, "Hizi ni lazima zichukuliwe zikiwa moto. Anayechelewa simpi." Kesho yake mtoto hakuchelewa.

Watoto nao walikuwa na amri yao, na aliyeitoa ni wa kati. Hakuna kumbeba. Hakuna kumshikia sahani. Wanaruhusiwa kwenda naye tu, na wanaokwenda naye waende mwendo wake. Si jambo dogo kumwambia mtoto wa Kariakoo aende polepole saa ya kombolela. Lakini nikiwa juu ya ile mbuzi niliwaona, watoto sita, saba, wamejipanga mbele na nyuma ya mdogo wangu, wakitembea kama watu wanaopeleka mahari. Mmoja wao, mtundu, akaimba, "Kobe kafunga, kobe kafunga."

"Kobe kabeba futari yako," mdogo wangu akamjibu bila kugeuka. "Utakula mchanga."

Nilikuna nazi huku nikicheka peke yangu, na nilitamani mama awepo asikie jibu lile. Nilitamani sana hata nikasimamisha mkono.

Siku moja katika kumi la mwisho mambo yalikwama. Jua lilikuwa kali mchana kutwa, naye alikuwa ametembea na mimi pembeni ya magunia, safari baada ya safari. Bibi akampa sahani aipeleke kwa yule mama wa mwisho wa mtaa. Alifika katikati. Pale njia ilikuwa imejaa; wachuuzi wa maji wameegesha mapipa yao, wanaume wanarudi kazini, mtu mmoja anavuta mbuzi wawili hawataki kwenda. Akasimama. Nilimwona akigeuza kichwa kunitafuta. Aliweka sahani chini mchangani, akakaa kando yake, akanyoosha mikono.

"Kaka, nibebe."

Hakupiga kelele. Alisema tu, nami nikamsikia kutoka barazani kana kwamba amenisemea sikioni. Watoto wakanitazama. Wa kati akanitazama. Bibi alikuwa mlangoni nyuma yangu. Nilisikia bangili zake, kisha zikanyamaza.

Kifuu kilikuwa mkononi. Nilikishika kwa nguvu hata ukingo wake ukanikata. Nilikumbuka Idi, zimebaki siku chache. Nilikumbuka uzito wake mgongoni, jinsi alivyokuwa akilaza shavu kwenye bega langu, na ukweli ni kwamba nilikuwa nautaka uzito ule kuliko yeye alivyotaka kubebwa. Hilo sikuwa nimelijua mpaka dakika ile. Nilimbeba mwaka mzima kwa sababu kitu kilichobaki cha mama kilikuwa mgongoni kwangu, chenye joto, na mtu akiniambia nikiweke chini nilihisi anataka kunizikia mama mara ya pili.

Sikuinuka. Nikafungua kinywa, na neno lililotoka lilikuwa lile la kazi.

"Simile," nikaita kutoka barazani, kwa sauti yote niliyokuwa nayo. "Simile. Mwenye mzigo anapita."

Wa kati alilidaka. "Simile." Watoto wote wakalidaka. Yule mzee hamali, aliyekuwa ameketi ng'ambo akingoja adhana, akalinguruma kwa sauti yake ya gunia, simile, na mwenye mbuzi akawavuta pembeni, na wachuuzi wa maji wakasukuma mapipa ukutani bila kujua wanampisha nani. Njia ikawa nyeupe katikati ya mtaa, na mwisho wake yule mama wa Kilimanjaro amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Mdogo wangu alitazama njia ile. Aliifuta sahani mchanga kwa ncha ya gauni. Akainuka.

Idi ilipofika mjomba alikuja mapema, na kanzu yake iliyopigwa pasi. Tuliswali, tukala, Bibi akampaka mdogo wangu mafuta ya nazi miguuni kama mtu anayemtayarisha bondia. Gauni lake lilikuwa la kitambaa cha manjano, limeshonwa na mama wa nyumba ya pili kutokana na mabaki. Wa kati alitangulia na watoto. Sisi tukafuata: mjomba kando, mdogo wangu katikati, na mimi mbele yake, ninakwenda kinyumenyume, mikono wazi.

Tulipita soko, lililofungwa siku hiyo, na rikwama zimeinamishwa ukutani mipini juu. Alikwenda. Mara mbili alisimama akapumzika, akishika mti. Mjomba naye alisimama akajifanya anafunga kiatu, na alikuwa amevaa makubazi. Tukafika ukingoni mwa uwanja wa Mnazi Mmoja. Watu walikuwa wengi kuliko siku ya soko. Bembea za mbao zinazunguka, wauza kashata, firimbi za bati, watoto wa mji mzima wamevaa rangi. Ng'ambo ya lile kundi niliona kichwa cha wa kati, ameshika foleni ya bembea, anapunga mkono.

Hofu ikanishika. Nilitanua mikono zaidi ili mtu asimgonge. Nikawa nimemziba kabisa.

Alisimama. Aliinua uso akanitazama, si kwa hasira.

"Simile, Kaka."

"Nini?"

"Umeniziba."

Nikapisha. Sikuamua kupisha, miguu yangu ya hamali ililisikia neno ikapisha yenyewe. Akapita. Hatua tatu, nne, kisha akakimbia. Haikuwa mbio nzuri, mguu mmoja ulikuwa ukienda nje kama wa ndama, lakini zilikuwa mbio, katikati ya watu, gauni la manjano linaonekana, linapotea, linaonekana. Karibu na bembea alianguka. Nilisogea hatua moja, nikabaki hapo. Watoto hawakumwokota, walisimama tu wakamngoja. Aliinuka, akajikung'uta, wala hakugeuka kunitafuta.

"Ameanguka," mjomba akasema.

"Ndiyo, Mjomba."

"Na ameinuka."

"Ndiyo."

Aliitazama bembea. "Sasa mimi nitarudi na nini? Kule wamekwisha fagia chumba."

"Rudi na kashata, Mjomba."

Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka, na katika kicheko kile ulikuwamo mdomo wa mama, kona moja ikipanda juu. Nikageuza uso kama ninatafuta muuza kashata.

Shule zilipofunguliwa mdogo wangu wa mwisho alikwenda na wa kati, wameshikana mikono mpaka kona, halafu wakaachana wakashindana. Alikuja kuwa mtu wa kukimbia kweli. Sasa yuko Tanga, ana wajukuu wengi, na akija kunitembelea yeye ndiye anayenipitisha katika vichochoro vya Kariakoo, mimi na fimbo yangu, akinivuta kwa haraka kidogo kuliko ninavyoweza. Soko lile la paa la zamani halipo. Mtaa una maghorofa, na nyumba ya Bibi imekuwa duka la vitambaa. Yeye anasema hakumbuki vizuri kukaa juu ya rikwama. Anakumbuka ndizi za yule mama. Siwezi kumlaumu, ni mimi niliyekuwa chini, nikiisikia sauti yake.

Siku ile ya kwanza ya shule nilitoka asubuhi peke yangu. Gunia tupu lilikuwa bado limetandikwa mbele, na alama yake imebonyea katikati. Niliinua mipini. Sikuwa nimefika hata nyumba ya tano, gurudumu la kushoto likaanza kulia.

Yule mzee alinisikia kutoka mlango wa soko. "Gari lako linalia, kijana," akasema. "Litie mafuta."

Nikamwambia nitatia. Sikutia.